Miche Aliyoichoma Bujiku

Bujiku wa Ngussa alikulia pembeni mwa ngitili ya baba yake, na kama angekuwa na akili ya ndama angezeekea hapohapo. Ngitili, kwa wale ambao siku hizi hawatofautishi majani na magugu, ni malisho ya akiba. Masika yote hufungwa: ng'ombe haingii, shoka halilii. Kiangazi kikishakausha kila kitu ndipo mwenyewe hufungua, na mifugo yake hukuta nyasi zinazogusa tumbo. Ngitili ya mzee Ngussa ilifunika mlima mzima, upande wa Kharumwa, na haikuwa na seng'enge wala bango. Ilikuwa na dagashida, baraza la wananzengo, yaani wanakijiji wenyewe, ambalo lilimtoza ng'ombe mtu yeyote aliyepitisha mifugo yake humo, na ng'ombe huyo alichinjwa na kuliwa palepale, mkosaji akitazama. Watu wale walikuwa hawajasoma. Ndiyo maana mlima wao ulikuwa na migunga, na chini ya migunga majani, na chini ya majani maji.

Bujiku hakukaa ayaone hayo yakivunjwa. Alilikimbia jembe la baba yake akaenda Urambo kwenye tumbaku, alikoanza kwa kuchota maji ya kunyeshea, akapanda cheo hadi akawa nyapara wa vitalu vya miche. Kupanda cheo kwa mtu wa aina yake ni msiba wa wote walio chini yake. Alijifunza kuchoma matandazo juu ya kitalu kabla ya kusia mbegu, kuweka kivuli na kukiondoa, na zaidi ya yote alijifunza kuitambua minyoo fundo, adui mkubwa wa tumbaku. Aling'oa mche, akaukung'uta, akaugeuza juani. Akiona mzizi umevimba hata kama punje ya mtama, kitalu kizima kilitiwa moto na hakuna aliyethubutu kukohoa. Kwa tumbaku alikuwa sahihi. Ubaya wa mtu aliyepata kuwa sahihi mara moja ni kwamba hakomi.

Aliporudi nyumbani, baba yake alikwisha kufa na mlima ulikwisha kunyolewa. Ulipita mwaka wa operesheni ya vijiji, watu wakapakiwa kwenye malori wakapangwa kando ya barabara kama magunia ya pamba, nyumba moja ikitazama kisogo cha nyingine. Nyumba zote hizo zilihitaji miti. Ngitili haikuwa na mwenyewe tena. Ilikuwa ya wote, yaani ya kila mwenye shoka. Waliomaliza nguzo wakakata kuni, waliomaliza kuni wakachoma mkaa, na waliomaliza mkaa wakakaa kwenye mikutano kulaumu mvua. Kila kiangazi ng'ombe wachache wa Bujiku walikwenda kuomba majani hadi ng'ambo ya Segese, kwa watu wasiowajua, na kila mara walirudi pungufu.

Kisha, miaka ya themanini ilipofika katikati, ukaja wakati wa miti. Walewale walioamuru ikatwe wakaanza kuamuru ipandwe, tena bila aibu, kwa sauti ileile. Kikaitishwa kikao katika ghala la pamba, na Mwenyekiti wa kijiji, Masele, akasimama na suti yake ya mikono mifupi akatangaza kwamba atakayeupanda mlima wa Ngussa miti atapewa mlima huo uwe wake.

Kulikuwa na wawili tu walioutaka. Mmoja alikuwa Bujiku, ambaye hakutaka kitu kingine duniani ila ngitili ya baba yake irudi na ng'ombe wake waache kuwa ombaomba. Wa pili alikuwa Bashiri, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa mjini, babu yake alitoka pwani na misafara, na yeye mwenyewe alitoka mahali popote palipo na faida. Wachimbaji wake walikwisha kutoboa bonde la chini kwa maduara, kama wanavyoyaita mashimo yao, na sasa walikuwa wanautazama mlima.

"Mwenyekiti," Bashiri akasema, "huyu mzee anataka kupanda majani juu ya dhahabu."

"Dhahabu hiyo umeiona?" Bujiku akamrukia.

"Na wewe miti umeiona?"

Ghala zima likacheka. Hata waliokuwa wamelala waliamka wakacheka.

"Nikujibu nini, Mswahili," Bujiku akasema. "Mimi nimelea miche Urambo wakati wewe unauza sindano na uzi. Niletewe mbegu. Mvua za kwanza zikianguka, njooni mtazame."

Ikaamuliwa hivyo. Mvua za kwanza zikianguka, Mwenyekiti na kamati yake wataikagua miche. Ikiwa mizima na ya kutosha, mlima ni wa Bujiku na utafungwa kama zamani. Ikiwa si hivyo, Bashiri alete sururu zake.

Bwana miti aliyetumwa kufundisha kijiji aliitwa Gregory. Alikuwa kijana mwembamba aliyesema "kitaalamu" kabla ya kila jambo, hata kabla ya kuomba maji. Alishuka kwenye Landrova na mbegu za milusina, miti ya malisho inayokua upesi, mfuko wa viriba, yaani zile pakiti nyeusi za nailoni za kuoteshea miche, na sanduku la baridi lililofungwa kama lina maiti ya mtoto. Ndani ya sanduku kulikuwa na pakiti ya unga mweusi.

"Kitaalamu," akasema, "udongo wenu umechoka. Hauna naitrojeni. Lakini hewani naitrojeni imejaa tele, ila mti hauwezi kuila ikiwa hewani. Ndani ya unga huu mna vijidudu, bakteria. Mkivipaka kwenye mbegu vitaingia kwenye mizizi ya mlusina, vitavuta naitrojeni ya hewa na kuulisha mti. Mti nao utavilisha sukari."

"Sukari!" akadakia mama mmoja. "Vijidudu vipewe sukari, na sisi tunakunywa chai kwa pipi?"

"Na hata kuvigandisha kwenye mbegu kunatakiwa maji ya sukari," Gregory akasema, kwa unyonge, kwa maana miaka ile sukari ilipangiwa foleni tangu alfajiri.

Kelele zilizoinuka hapo zilimfaa mtu aliyeiba sadaka. Mwisho ikakubaliwa watumie gundi ya mgunga, ikiwa mtu atauona mgunga. Basi wakafundishwa kuloweka mbegu kwenye maji ya moto, kuzipaka gundi, kuzigaragaza kwenye unga kivulini, na kutouweka unga juani, kwa kuwa vijidudu vinakufa. Gregory akafuta jasho. "Sasa," akasema, "tunafika kwenye mizizi. Mkishaotesha, baada ya muda mtang'oa mche mmoja mtazame..."

Lakini harufu ya nyama ilikuwa imeshaingia ghalani. Kijiji kilichinja mbuzi kwa ajili ya mgeni, na Bujiku ndiye aliyepangwa kutoa neno la shukrani. Aliona watu wanageuza shingo. Aliona pia kwamba kijana huyu anataka kumfundisha yeye kutazama mizizi, yeye aliyekuwa akitazama mizizi Urambo kabla kijana hajaota meno. Akasimama.

"Kwa niaba ya wananchi," akaanza, na kwa niaba ya wananchi akashukuru serikali, akashukuru mbegu, akashukuru sanduku, akaeleza jinsi tumbaku inavyooteshwa, akaeleza tena, na alipoketi kwaya ilikwisha kusimama na sahani zilikwisha kupakuliwa. Gregory, ambaye naye alikuwa hajala tangu asubuhi, alikunja karatasi zake. Hivyo ndivyo elimu inavyopokewa siku hizi. Zamani mtu alifundishwa jambo moja na mjomba wake kwa misimu mitatu, akilikosea anachapwa. Sasa unafundishwa mambo kumi kabla ya chakula cha mchana.

Ila lazima isemwe kwamba Bujiku alifanya kazi. Alichota udongo wa mlimani mwenyewe, kwa kuwa ndiko miche itakakoishi, akauchekecha, akajaza viriba pamoja na mkewe Zipora, akapaka mbegu gundi na unga kivulini kama alivyoambiwa. Unga ulipokwisha, mbegu zilizobaki akazipanda hivyohivyo, safu za mwisho upande wa kisima. Walikinyeshea kitalu asubuhi na jioni. Zipora, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, alibeba maji bila kulalamika, maana naye alichoka kuwaona ng'ombe wakiondoka kila kiangazi kama watoto wanaokwenda kibarua.

Miche ikaota. Ile ya unga mweusi ikapata majani mabichi ya kung'aa, ikapishana vimo na ile ya kisimani, ambayo ilisimama midogo na ya manjano. Wapita njia wakasimama kuangalia. Hata Mwenyekiti Masele alipita na baiskeli yake akasema, "Ngosha, mwanamume wee, naona baba yako anarudi mlimani." Bujiku akatembea siku ile nzima kama aliyevishwa ngozi ya chui.

Angeiacha hivyo angeshinda. Lakini nyapara hawezi kukiona kitu kizuri akakiacha. Mvua zikiwa zimekaribia kabisa, aliingia kitaluni na Zipora, akachagua mche mnene kuliko yote, akapasua kiriba, akaukung'uta udongo, akaugeuza juani. Mizizi ilikuwa imejaa mafundo. Mafundo madogo ya mviringo, mengine peke yake, mengine yameshikana.

Akang'oa wa pili. Mafundo. Wa tatu, mafundo. Akaenda safu za kisimani, akang'oa mmoja wa ile ya manjano. Mizizi safi, laini kama nywele za Mwarabu.

"Wametuua," akasema. "Yule kijana na unga wake wametuletea minyoo fundo."

Zipora akachukua mche mmoja wa kila namna, akailinganisha mikononi. "Lakini Baba Mageni, hii yenye mafundo ndiyo yenye afya. Hii safi ina rangi ya mtu wa homa."

"Ndivyo ugonjwa unavyodanganya. Mtu mwenye safura si hunenepa uso? Utasema ameshiba?"

"Basi tumngoje bwana miti. Si alisema atakuja siku ya kamati?"

"Nimngoje aliyeniletea ugonjwa aje kuniponya? Minyoo haingoji, mama. Ikishaingia kwenye udongo huu, hata hii mizima itakwenda."

"Mimi nimebeba maji ya miche hii."

"Na mimi nimechoma vitalu vikubwa kuliko hiki."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na inawezekana aliliona kuwa ni jibu.

Miche mibichi haiwaki kirahisi. Ilibidi akusanye mabua ya pamba na miiba mikavu, apange tabaka juu ya tabaka kwenye safu zenye mafundo, akiziacha zile za kisimani, jambo ambalo alilifanya kwa ustadi mkubwa, kwani ujinga ukiwa na ustadi ndipo unapodhuru. Watu wakaja kutazama, kama wanavyokuja daima kunapoungua kitu. Bujiku akawaeleza mbele ya moshi kwamba wataalamu wa siku hizi wanaleta magonjwa kwenye masanduku ya baridi, na kwamba bila yeye kijiji kizima kingeambukizwa. Walimpigia makofi. Waliompigia makofi ndio walewale waliompigia makofi Gregory. Zipora hakuja. Alikaa jikoni akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Mvua za kwanza zikaanguka, na siku ya kamati Gregory akatangulia kufika na Landrova yake. Alisimama mbele ya jivu, mdomo wazi.

"Shikamoo, Mzee Bujiku."

"Marahaba. Umeuona ugonjwa wako?"

"Ugonjwa gani?"

Bujiku akamweleza, kwa kirefu.  Gregory alizunguka kitalu, akainama nyuma ya pipa la maji, akatoka na kiriba kimoja kilichosahauliwa pale, mlusina wa kijani kibichi, umebanwa lakini una nguvu. Akakipasua, akaukosha mzizi kwa maji ya pipa. Akabandua fundo moja kwa ukucha. Likatoka lote, mzizi ukabaki umenyooka. Akalikata katikati kwa ukucha uleule, akamwekea Bujiku kiganjani. Ndani lilikuwa jekundu kama nyama.

"Ingekuwa minyoo, mzizi wenyewe ungevimba, usingeweza kulibandua fundo," akasema. "Hiki ni kinundu. Humu ndimo vijidudu vinakaa. Hiki chekundu ndiyo dalili kwamba vinafanya kazi. Mzee, umechoma miche mizima ukabakiza yenye njaa."

Bujiku akakigeuza kile kinundu kiganjani. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilikuwa nafika hapo. Ukasimama ukanishukuru."

 Ng'ombe walikuwa wanalia zizini.

"Waambieni wanakamati ukweli," Zipora akasema nyuma yao, ndoo ikiwa mkononi. "Muombe msimu mwingine. Unga mwingine unao, mwanangu?"

"Upo garini," Gregory akasema. "Na mbegu zipo."

"Basi ni nini kinachowazuia?"

Kilichowazuia hakikuwa kigumu kukijua. Gregory alikwisha kuwaambia wakubwa wake kwamba kijiji hiki kimefundishwa kila kitu kuanzia mbegu hadi mizizi. Bujiku alikwisha kuhutubia moshi. "Nikisema umeichoma mizima," Gregory akanong'ona, "watakucheka mpaka kaburini, na mimi nitaulizwa nilifundisha nini." Na Bujiku, mtoto wa mzee Ngussa aliyemwogopa mtu mmoja tu duniani, yaani mtu muongo, akasema, "Basi ulikuwa ugonjwa." Wakapeana mikono juu ya jivu.

Kamati ikafika na matope miguuni. Bashiri alikuja nao, mwavuli mkononi. Masele akaangalia jivu, akaangalia zile safu za manjano, akatikisa kichwa, lakini si kwa ukali.

"Bwana miti, ni kweli hapa paliingia ugonjwa?"

"Kitaalamu," Gregory akasema, "dalili zilikuwepo."

"Wa mizizi?"

"Wa mizizi."

Hapo Bujiku angenyamaza. Lakini aliona nyuso zote zimemgeukia, na hakuwa mtu wa kuziacha nyuso bure. "Minyoo fundo, Mwenyekiti!" akasema. "Sisi wa tumbaku tunaijua. Inakaa udongoni miaka na miaka. Kule Urambo, mahali iliposhika tulihama kabisa."

"Udongoni," Masele akarudia taratibu. "Na udongo wa viriba hivi ulichota wapi, ngosha?"

"Mlimani, na..." akaishia hapo.

"Mlimani." Masele akavua kofia akajikuna. "Bujiku, nikuambie kweli. Njiani wazee hawa walikwisha kukubali. Tulisema ugonjwa si kosa la mtu, tumwongezee msimu mmoja. Tulikuja na neno hilo. Lakini kama mlima wenyewe una minyoo, na wewe mwenyewe mjuzi wetu unasema panahamwa, nani atapanda mti hapo? Bwana miti, utaleta mbegu za serikali kwenye udongo wa namna hiyo?"

Gregory akatazama magurudumu ya gari lake. "Kitaalamu... haishauriwi."

"Mimi sina mizizi ya kuozeshwa," Bashiri akasema kwa upole, akifunga mwavuli. "Nipeni tu huo mlima mgonjwa."

Watu wakacheka kidogo. Zipora aliweka ndoo chini. "Baba Mageni," akasema mbele ya kamati, jambo ambalo mwanamke wa Ngussa asingelifanya zamani, na ambalo zamani lisingehitajika. "Sema. Sema sasa hivi."

Mlima ulikuwa mbele yake, mweupe kwa kokoto, ukitiririsha mvua yote bila kubakiza tone. Masele alimngojea. Ni haki kusema kwamba alimngojea. Bujiku alifungua mdomo, akakumbuka makofi, akaufunga.

"Sina la kuongeza," akasema.

Wachimbaji walipanda mlimani wiki ileile. Dhahabu waliipata kidogo, ya kuwatosha kuendelea kuchimba na isiyotosha kuacha. Ile milusina ya manjano Zipora aliipanda nyuma ya nyumba, mbuzi wakaila. Gregory alihamishiwa Shinyanga mjini, akapandishwa cheo.

Kiangazi kilichofuata ng'ombe waliporudi kutoka ng'ambo ya Segese, dume la mwisho la ukoo wa mzee Ngussa lilifuata majani machache ya mlimani, likatumbukia kwenye duara lisilofunikwa. Bujiku aliitwa. Aliwakuta wachimbaji wameshalifunga kamba ya winchi shingoni, wanavuta, nalo linakoroma.

"Si hivyo!" akapiga kelele. "Kamba inapita chini ya kwapa! Mimi hawa nimewavuta tangu mtoto!"

"Wewe si ndiye uliyechoma miti, mzee?" akauliza mmoja, bila kugeuka. Wakaendelea kuvuta kwa namna yao, dume likafa kabla ya kufika juu. Wakalichuna papo hapo kando ya shimo, Bashiri akatuma mtu kuchagua maini, na Bujiku akasimama akiwaonyesha jinsi ya kushika kisu.